Polima zinazoitikia joto, na mahali pa kuzifunga kwenye protini

Kazi nyingi za protini mwilini huanza na utambuzi. Kingamwili hutambua antijeni yake, yaani kitu inachokishika, kimeng'enya hutambua molekuli kitakayoikata au kuiunganisha, na kipokezi kilicho juu ya seli hutambua homoni. Utambuzi huo hufanyika kwenye eneo dogo la uso wa protini, eneo ambalo mara nyingi upana wake ni nanomita moja au mbili, na mtafiti anayetaka kulifunga eneo hilo kwa muda na kulifungua tena hana njia nyingi. Akiongeza asidi kali, akitia urea, au akipasha mmumunyo moto kupita kiasi, protini hukunjuka na kupoteza umbo linaloipa uwezo wake, na kwa protini nyingi umbo hilo halirudi. Kinachohitajika ni amri nyepesi, ya nyuzi chache tu za joto, ambayo protini yenyewe haitaihisi. Wanakemia walipata amri ya namna hiyo kwa kufunga kwenye protini mnyororo wa polima, yaani molekuli ndefu ya viungo vidogo vinavyojirudia, ambayo hubadilika ghafla joto linapovuka kiwango fulani. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kwa nini matokeo yake hutegemea mahali mnyororo ulipofungwa kuliko hata aina ya polima iliyochaguliwa.

Polima iliyotumika zaidi katika kazi hii ni poli(N-isopropilakrilamidi), ambayo wataalamu huifupisha kuwa PNIPAAm. Tabia yake katika maji ilielezwa na Heskins na Guillet mwaka 1968. Katika maji baridi polima hii huyeyuka kabisa na mmumunyo huwa safi kiasi cha kuona upande wa pili, lakini joto likifika karibu nyuzi 32 za Selsiasi mmumunyo hugeuka kuwa kama maziwa, kwa sababu minyororo imejikunja, imeyatoa maji yaliyokuwa yameizunguka na kuanza kushikana yenyewe kwa yenyewe. Ukiupoza, minyororo hujikunjua na mmumunyo hurudi kuwa safi. Mabadiliko hayo hukamilika ndani ya nyuzi chache, na yanaweza kurudiwa mara nyingi bila polima kuharibika.

Sababu ya tabia hii imo katika muundo wa kila kiungo cha mnyororo. Kiungo kina sehemu mbili zenye mielekeo tofauti: kundi la amidi, ambalo hushikana na molekuli za maji kwa vifungo vya haidrojeni, na kundi la isopropili, ambalo ni la kaboni na haidrojeni tupu na halina cha kushikana nacho katika maji. Vifungo vya haidrojeni hutoa nishati, na hivyo huvuta polima kuelekea kuyeyuka. Lakini molekuli za maji zinazoizunguka isopropili na zile zilizoshikwa na amidi hupoteza uhuru wake wa kugeuka na kuhama, na upotevu wa uhuru huo, ambao katika thermodinamiki hupimwa kwa kipimo kiitwacho entropia, ni gharama. Gharama ya entropia huzidishwa kwa joto: kadiri joto linavyopanda, ndivyo mpangilio uleule wa maji unavyozidi kuwa ghali. Chini ya nyuzi 32 faida ya vifungo vya haidrojeni inatosha kuilipa gharama hiyo. Juu ya hapo haitoshi, kwa hiyo maji huachiliwa na mnyororo hujikunja kuwa tonge dogo. Ni vema kusisitiza kwamba hapa hakuna kifungo imara cha kemia kinachovunjika wala kuundwa, na ndiyo maana mchakato wote unaweza kurudi nyuma.

Joto la mpito, kama tutakavyoliita, linaweza kurekebishwa. Ukichanganya wakati wa kutengeneza polima viungo vingine vinavyopenda maji zaidi, kwa mfano akrilamidi ya kawaida au asidi ya akriliki, joto hilo hupanda, na ukichanganya viungo visivyopenda maji, kama vile akrilati ya butili, hushuka. Chumvi nayo huingilia kati. Aina nyingi za chumvi, ikiwemo ya mezani, hulishusha, na mfuatano wa nguvu za chumvi hizo unafanana kwa kiasi kikubwa na ule ambao Franz Hofmeister aliuchapisha mjini Prague mwaka 1888 alipokuwa akichunguza namna chumvi zinavyozamisha protini za ute wa yai. Jambo hili la chumvi litarudi baadaye, kwa kuwa damu ina chumvi.

Sasa tufike kwenye kufunga. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa, na baadhi ya asidi amino hizo hubeba makundi ya kemikali yaliyo tayari kuungana na kitu kingine. Lisini, yenye kundi la amini mwishoni mwa mkono wake, ndiyo iliyozoeleka. Polima huandaliwa ikiwa na ncha moja yenye esta, kundi la kemikali lililo tayari kushambuliwa na amini, kisha vitu viwili hivyo huchanganywa katika maji ambayo kiwango chake cha asidi kimedhibitiwa, na kifungo cha amidi hutokea. Njia hii ni rahisi na imefanya kazi kwa miongo mingi, lakini lisini ni nyingi mno. Albumini ya damu ya ng'ombe, protini ambayo karibu kila maabara huwa nayo, ina lisini zinazokaribia 60, nyingi zikiwa juu ya uso. Anayefunga polima kwenye lisini hupata mchanganyiko wa molekuli ambazo nyingine zina mnyororo mmoja, nyingine mitatu, nyingine sita, na hata zile zenye idadi sawa hazifanani, kwa sababu kila moja ina minyororo mahali tofauti. Baadhi ya minyororo hiyo itakuwa imelala juu ya eneo la utambuzi na kulifunika daima, baridi iwe au joto. Wastani wa mchanganyiko kama huo unaweza kupimwa, lakini haukuelezi molekuli moja moja inafanya nini.

Sisteini ni habari tofauti. Ina kundi la salfa na haidrojeni, ambalo huungana haraka na kwa uteuzi na molekuli kama maleimidi au vinili salfoni, tena katika maji na bila moto. Faida yake kubwa ni uchache. Albumini hiyohiyo ya ng'ombe ina sisteini 35, lakini 34 kati yake zimefungamana mbili mbili na kubaki moja tu iliyo huru. Protini nyingine hazina sisteini kabisa, na hapo mtafiti hupata nafasi ambayo mtu wa lisini hana: anaweza kubadilisha jeni, akaweka sisteini moja mahali anapotaka yeye, na polima ikaenda hapo na si kwingine. Kwa maoni yangu, hatua hii ndiyo iliyobadilisha kazi ya kufunga polima kutoka kuwa upakaji na kuwa uhandisi.

Mfano ulio wazi zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, katika kundi la Patrick Stayton na Allan Hoffman. Walichagua streptavidini, protini ya bakteria yenye sehemu nne zinazofanana, ambayo kila sehemu hushika molekuli moja ya biotini, yaani vitamini B7. Mshiko huo ni miongoni mwa mishiko imara kuliko yote inayojulikana katika biolojia bila kuwa kifungo cha kemia. Streptavidini ya asili haina sisteini. Watafiti hao waliibadilisha asidi amino ya asparajini ya nafasi ya 49, iliyo kwenye ukingo wa shimo la biotini, ikawa sisteini, kisha wakafunga PNIPAAm hapo. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1995, yalikuwa haya: chini ya nyuzi 32 biotini iliingia na kushikwa kama kawaida, na juu ya nyuzi hizo mnyororo ulijikunja na kuuziba mlango, biotini ikashindwa kuingia.

Msomaji makini atauliza kwa nini mnyororo uliojikunja ndio unaoziba, ilhali ule uliojitandaza ni mkubwa zaidi na ungetarajiwa kuzuia zaidi. Jibu limo katika ukubwa wa mgeni. Biotini ni molekuli ndogo sana. Mnyororo uliojaa maji huwa umetawanyika na una nafasi nyingi ndani yake, na biotini hupita humo pamoja na maji. Mnyororo uliojikunja ni tonge lenye msongamano, na kwa kuwa mzizi wake uko ukingoni mwa shimo lenyewe, tonge hilo hukaa juu ya shimo. Nafasi ya 49 ndiyo inayoleta matokeo haya.

Mwaka 2001 kundi hilohilo lilichapisha tena katika Nature, safari hii wakiwa wamehamisha sisteini hadi nafasi ya 116, iliyo umbali wa nanomita 2 hivi kutoka kwenye shimo, na wakitumia polima ya jamii hiyohiyo, ile ya N,N-diethilakrilamidi. Wageni waliopimwa safari hii hawakuwa biotini tupu, bali protini kamili zilizobeba biotini. Hapa mambo yaligeuka. Katika baridi, mnyororo uliotanda ulifanya kazi ya ngao: ulichukua nafasi kubwa kuzunguka shimo na kuzuia protini kubwa kukaribia. Katika joto ulijikunja pale ulipofungwa, mbali kidogo na shimo, na njia ikafunguka. Kiwango cha kuzuiwa kilitegemea ukubwa wa protini iliyokuwa ikijaribu kuingia. Tukiyaweka majaribio mawili hayo pamoja, tunaona protini ileile na tabia ileile ya polima zikitoa swichi mbili zenye mwelekeo tofauti, kwa sababu mzizi wa mnyororo umehamishwa na mgeni amebadilika. Mtu aliyefunga polima zake kwenye lisini bila mpangilio angekuwa na athari zote mbili ndani ya chupa moja, zikifutana.

Kuna kikwazo cha kiutendaji katika njia iliyoelezwa hadi sasa, ile ya kutengeneza polima kwanza na kuifunga baadaye. Polima ni kubwa, protini ni kubwa, na ncha mbili zinazopaswa kukutana ni ndogo na mara nyingi zimejificha ndani ya mikunjo, hivyo sehemu ya protini hubaki bila mnyororo hata polima iwe imezidi mara nyingi. Kisha huja kazi ya kutenganisha polima iliyobaki na ile iliyofungwa, ambazo ukubwa wake unaweza kukaribiana. Njia ya pili huanza upande wa protini: kwanza hufungwa molekuli ndogo ya kuanzisha, ambayo huingia kwa urahisi, kisha mnyororo hukuzwa kutoka hapo kiungo kwa kiungo. Viungo visivyotumika ni vidogo na huoshwa kwa kuvichuja kupitia utando. Jambo hili liliwezekana baada ya kupatikana namna za ukuzaji zinazodhibitika, moja ikiwa ile ya Krzysztof Matyjaszewski wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyochapishwa mwaka 1995, inayotumia shaba kuuwasha na kuuzima mnyororo unaokua, na nyingine iliyotoka Australia mwaka 1998, isiyohitaji metali. Mwaka 2005 Heather Maynard na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba PNIPAAm inaweza kukuzwa moja kwa moja kutoka kwenye albumini ya ng'ombe, na pia kutoka kwenye lisozaimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria, iliyopewa sisteini mahali maalumu, na lisozaimu hiyo ikaendelea kufanya kazi yake. Ugumu haukuisha hapo. Oksijeni lazima iondolewe, shaba lazima ioshwe, na si kila protini huvumilia masharti hayo.

Njia ya tatu inaacha kemia ya kuunganisha na kuikabidhi kazi hiyo kwa bakteria. Elastini, protini inayoipa mishipa na ngozi uwezo wa kunyumbuka, ina vipande vya asidi amino tano vinavyojirudia: valini, prolini, glisini, moja inayobadilika, na glisini tena. Dan Urry, katika Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba minyororo iliyojengwa kwa vipande hivyo hujikunja na kujitenga na maji joto linapopanda, kama PNIPAAm, na kwamba joto la mpito huchaguliwa kwa kuchagua asidi amino ya nne, ambayo inaweza kuwa yoyote isipokuwa prolini. Kwa kuwa mnyororo huo wenyewe ni wa asidi amino, jeni lake linaweza kuunganishwa na jeni la protini inayotakiwa, na bakteria wa E. koli wakazalisha vyote viwili vikiwa kitu kimoja. Dan Meyer na Ashutosh Chilkoti wa Chuo Kikuu cha Duke waliitumia mbinu hiyo mwaka 1999 kusafisha protini. Bakteria hupasuliwa, mmumunyo hupashwa moto kidogo au hutiwa chumvi, protini yenye mkia hushikana na kuzama kwenye sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha kwa kasi, uchafu uliobaki juu humwagwa, kisha mashapo huyeyushwa katika maji baridi na mzunguko hurudiwa. Safu za gharama kubwa za kuchujia hazihitajiki.

Ubora wa njia hii ni kwamba kila mnyororo una urefu uleule na mfuatano uleule, jambo ambalo polima ya kutengenezwa haiwezi kulifikia, na mwili una vimeng'enya vya kuuvunja, ilhali uti wa kaboni wa PNIPAAm hauvunjwi. Upungufu wake unaturudisha kwenye hoja ya mahali. Mkia uliounganishwa kwa jeni hukaa kwa kawaida kwenye mojawapo ya ncha mbili za protini, na ncha hizo ziko pale asili ilipoziweka. Kwa kusafisha protini hilo halina madhara, kwa sababu mkia unatakiwa kuvuta mzigo wake chini na hakuna zaidi. Kwa swichi ya ukingo wa shimo, kama ile ya nafasi ya 49, mkia wa jeni hautoshi.

Ni kutenganisha huko, na si kufunga na kufungua milango, ambako naona ndiko kwenye matumizi yaliyokomaa. Hoffman na Nobuo Monji walikwisha kupendekeza mwaka 1987 kwamba kingamwili iliyofungwa PNIPAAm iachwe huru katika mmumunyo ili ikutane na antijeni yake haraka, kisha joto lipandishwe ili kingamwili na antijeni vizame pamoja. Katika vipimo vya kawaida kingamwili huwa imebandikwa kwenye plastiki na antijeni hulazimika kuifuata huko. Wazo hilo lilikuja kuhusishwa na malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati zetu hutafuta, kwa sehemu kubwa, protini iitwayo HRP2, ambayo vimelea vya Plasmodium falsiparum huimwaga ndani ya damu. Protini hiyo ikiwa kidogo mno, mstari kwenye kipande cha kipimo hauonekani. Kundi la Stayton lilichapisha mwaka 2012 mfumo ambao punje ndogo sana za dhahabu na za oksidi ya chuma zilivikwa PNIPAAm. Punje za dhahabu ziliikamata HRP2 katika plazma, sehemu ya majimaji ya damu, kwa msaada wa kingamwili, streptavidini na biotini. Joto lilipopandishwa, dhahabu na chuma vilishikana kwa sababu minyororo yao ilijikunja na kuambatana, sumaku ikavikusanya vyote, na baada ya kupoza viliyeyushwa tena katika ujazo mdogo wa maji na kupelekwa kwenye kipande cha kipimo. HRP2 iliyokuwa imetawanyika katika plazma nyingi ikawa imekusanywa katika tone.

Mfumo huo hauondoi kila udhaifu wa kipimo. Vimelea vilivyopoteza jeni la HRP2, ambavyo vimeripotiwa katika Pembe ya Afrika, Eritrea ikiwa mfano unaojulikana, havitaonekana hata ukikusanya plazma ya chupa nzima. Mgonjwa aliyekwisha kupona naye hubaki na HRP2 katika damu kwa muda, na kuikusanya kutaongeza idadi ya majibu yanayopotosha. Lakini kwa mjamzito mwenye vimelea wachache, au kwa uchunguzi wa maeneo ambako malaria imepungua na waliobaki na vimelea hawaugui, uwezo wa kukusanya antijeni una thamani ambayo ni rahisi kuiona.

Kuna jambo moja ambalo maabara ya Seattle haikulazimika kulifikiria na ambalo sisi hatuwezi kuliruka. Maabara yenye nyuzi 20 au 22 ina nafasi ya kutosha chini ya nyuzi 32, na neno "kupoza" maana yake ni kuiacha chupa mezani. Dar es Salaam au Mombasa, kati ya Januari na Machi, hewa ya mchana hufika nyuzi 32 zenyewe, na chumvi ya plazma, kama ilivyoelezwa hapo juu, hulishusha joto la mpito chini kidogo ya hapo. PNIPAAm tupu katika chumba kisicho na kiyoyozi itakuwa imejikunja kabla mhudumu hajagusa chochote, punje zitashikana kabla hazijakutana na antijeni, na baada ya sumaku hakutakuwa na baridi ya kuziyeyusha. Tiba yake ipo katika kemia ileile. Joto la mpito linaweza kupandishwa hadi nyuzi 38 au 40 kwa kuchanganya viungo vinavyopenda maji, na kingamwili nyingi hustahimili joto hilo bila kukunjuka, kwa hiyo kuna uwazi wa kufanyia kazi kati ya hewa ya pwani na joto linaloiharibu protini. Uwazi huo si mpana kama ule wa maabara ya nchi za baridi, na kila kiungo kinachoongezwa hufanya mpito uwe wa taratibu zaidi, hivyo utahitaji joto la ziada ili kuukamilisha. Atakayeunda kipimo hiki kwa ajili ya kituo cha afya cha Muheza au Kilifi itambidi aanze kwa kupima joto la chumba cha kupimia saa nane mchana pamoja na chumvi ya plazma atakayoitumia, akokotoe kiasi cha akrilamidi cha kuchanganya, na ndipo ageukie kingamwili na kuamua ni asidi amino ipi ya uso wake itakayoushika mnyororo.